Houston hadi Querétaro na familia nzima garini: barabara za kulipia za Meksiko, uzoefu wangu

Nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya vyoo na mambo ya pesa taslimu, nitayafikia. Nawaandikia hasa ninyi mlioko Texas, maana kila tukikutana harusini au msibani swali ni lile lile: "Mlipita na watoto? Na mama mkwe? Hamkutekwa?" Hatukutekwa. Tulikula vizuri, tuligombana garini kama familia yoyote, na Querétaro tulifika jua likiwa bado juu.

Njia yetu ilikuwa Houston, Laredo, Monterrey, Saltillo, Matehuala, San Luis Potosí, kisha Querétaro. Hadi Laredo ni kama kilomita 500 na hazina hadithi. Hadithi inaanzia kwenye daraja la mpakani.

Kwanza mwelewe kwamba Meksiko sehemu nyingi zina barabara mbili ziendazo mji mmoja. Ipo ya bure, vibao vyake vinaandika "libre", na ipo ya kulipia, "cuota". Ya kulipia mara nyingi hubeba herufi D nyuma ya namba: 85D kutoka Nuevo Laredo kwenda Monterrey, 40D kutoka Monterrey kwenda Saltillo. Ya bure inapita katikati ya vijiji, na kila kijiji kina matuta yake. Mengine hayana rangi wala kibao, unayajua bibi aliyeketi nyuma anapogonga kichwa darini. Ya kulipia haina matuta, maingilio ni machache, inapigwa doria, na mwendo unaoruhusiwa sehemu nyingi ni kilomita 110 kwa saa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye barabara zinazosimamiwa na CAPUFE, shirika la serikali, ile risiti ya kulipia ni bima pia. Gari likigonga kingo au likapata ajali humo, risiti ndiyo ushahidi kwamba ulikuwa msafiri halali. Mwanangu wa kati nilimpa kazi ya mtunza risiti, akazikusanya kwenye bahasha kwa ukali wa mhasibu. Hakuna aliyeruhusiwa kufungia bigijii.

Ila msidanganywe na ramani. Barabara ya 57, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa safari hii, si yote ya kulipia. Kati ya Saltillo na Matehuala sehemu kubwa ni ya bure, ingawa ni pana na pande mbili zimetenganishwa. Ukitoka tu Saltillo, upande wa Arteaga, kuna kipande cha milimani kiitwacho Los Chorros. Kona kali, mteremko mrefu, na malori ya mizigo yanayotoka viwandani kwenda mpakani. Huko Meksiko sheria inaruhusu lori moja kuvuta matrela mawili marefu, na 57 ndiyo njia yao kuu. Kupita Los Chorros huku trela mbili zinakupumulia kisogoni ni mtihani. Mume wangu, ambaye kwa kawaida huendesha huku akisimulia mpira, alinyamaza kabisa. Tulipita asubuhi, ukungu ukiwa umeshaondoka, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu.

Sasa usalama wenyewe, maana najua ndicho mlichofungulia ukurasa huu. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huipanga Meksiko jimbo kwa jimbo, na mtu akikuambia "Meksiko ni hatari" au "Meksiko ni salama" bila kutaja jimbo, hajakuambia kitu. Tamaulipas, ambako ndiko ulipo mji wa Nuevo Laredo, imewekwa kwenye daraja la juu kabisa la onyo, pamoja na Zacatecas, Michoacán, Guerrero, Sinaloa na Colima. Yucatán iko daraja la chini kabisa, sawa na nchi tulivu. Kwa hiyo sisi hatukuvukia mjini Laredo. Tuliendesha kaskazini magharibi hadi Daraja la Colombia, ambalo upande wa pili linakutua moja kwa moja katika jimbo la Nuevo León. Ni mzunguko kidogo, lakini foleni ni fupi, ofisi zote za vibali zipo pale pale, na huna haja ya kukatiza mji wa Nuevo Laredo. Kwa daraja hili peke yake ningetoa nyota tano bila kusita. Wenye swali gumu ni ninyi mnaotaka Guadalajara kupitia Saltillo, kwa sababu njia fupi inakata Zacatecas. Simu itakuonyesha njia hiyo kwa furaha, kwani simu hupima dakika tu.

Na usiendeshe usiku. Watu hudhani sababu ni majambazi pekee. Ni majambazi, ni ng'ombe, ni lori lililozimika bila taa, ni shimo lililochimbwa leo na kibao kitakachowekwa kesho. Panga kila siku ya safari ianze alfajiri na iishe saa kumi jioni. Angalieni pia saa: tangu Oktoba 2022 Meksiko imeacha kusogeza saa majira ya joto, isipokuwa ukanda wa mpakani. Kwa hiyo miezi hiyo Monterrey iko saa moja nyuma ya Texas, na kwa saa ya kule giza linakuja mapema kuliko ulivyozoea.

Makaratasi ndiyo yanayokula muda, na hapa nitakaa kidogo.

Bima ya gari ya Marekani haitambuliwi Meksiko. Sheria inataka bima ya kule, walau ya kulipa madhara utakayomsababishia mwingine, na ajali ikitokea polisi wanaweza kumzuia dereva mpaka ijulikane nani mkosaji na nani atalipa. Kwa hiyo tulinunua mtandaoni kabla ya kuondoka, tukachagua yenye wakili na dhamana ndani yake. Usiende kununua ya bei ya chini kabisa halafu ukatafute wakili ukiwa rumande San Luis Potosí.

Kisha kibali cha muda cha kuingiza gari, kinachotolewa na Banjercito, benki ya jeshi. Bila hicho huruhusiwi kwenda mbali na mpaka. (Rasi ya Baja California hawakihitaji, wao ni jambo jingine.) Unalipa ada na unaweka amana kulingana na umri wa gari: dola 400 kwa gari la mwaka 2007 na kuendelea, 300 kwa la 2001 hadi 2006, 200 kwa la zamani zaidi. Amana inarudishwa ukitoka na gari ndani ya muda. Kama gari bado ni la mkopo, unatakiwa uwe na barua ya aliyekukopesha inayoruhusu livuke mpaka. Aliyetukopesha sisi alituzungusha kwa simu mpaka nikaanza kuzifahamu nyimbo zao za kusubirishia, kwa hiyo ombeni barua hiyo mapema sana. Na kampuni nyingi za kukodi magari Marekani hazikuruhusu kabisa kuvuka.

Upande wa hati za watu, hili linatuhusu sisi zaidi kuliko majirani zetu. Pasipoti ya Tanzania au Kenya kwa kawaida inahitaji viza ya Meksiko. Lakini ukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, au viza ya Marekani ambayo haijaisha, unaingia bila viza yao. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, aliingia kwa viza yake ya Marekani bila neno. Hakikisheni tu ni ya kuingia mara nyingi, maana kwenda si tatizo, tatizo ni kurudi na bibi. Na kila mtu, hata mtoto, apate fomu ya uhamiaji ya Meksiko mpakani. Usipite tu kwa sababu hakuna aliyekusimamisha, kwani utaulizwa mbele ya safari.

Kabla ya kuondoka pekueni gari lote. Risasi moja ya bunduki iliyosahaulika kwenye droo ya dashibodi ni kesi ya jela Meksiko, na Texas tunajua jinsi vitu hivyo vinavyozagaa, hasa kama gari umelinunua mkononi mwa mtu. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine ziacheni nyumbani, zimekatazwa. Sigara za umeme nazo ziacheni.

Pesa: beba peso taslimu za kutosha, na noti ndogo. Mabanda mengi ya kulipia barabara hayakutaka kadi yetu, na mengine yaliipokea huku mashine "ikitafuta mtandao" mpaka lori la nyuma likapiga honi. Kwa barabara zinazotoza kiasi kile, hili halina utetezi. Vyoo vya kwenye mabanda navyo ni bahati nasibu, kwingine visafi, kwingine bibi alirudi garini akasema atasubiri. Tukajifunza kutumia vyoo vya vituo vikubwa vya mafuta. Huko kituoni mhudumu ndiye anayejaza, kwa hiyo shuka, hakikisha mita inasoma sifuri, kisha sema unataka ya kijani, ambayo ndiyo petroli ya kawaida. Mpe bakshishi kidogo, ndiyo desturi.

Jambo la indiketa lilitusumbua sisi kuliko litakavyomsumbua Mmarekani. Kwetu Afrika Mashariki, tunakoendesha upande wa kushoto, lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto linakuambia, "najibana huku, pita." Meksiko, ambako watu huendesha upande wa kulia, lori likiwasha ya kushoto linaweza kuwa linakuambia upite upande huo huo wa kushoto. Au linaweza kuwa linakata kona kushoto. Alama ni moja, maana mbili, na moja kati ya hizo inaua. Kwenye cuota yenye njia mbili kila upande hilo halina uzito. Kwenye barabara nyembamba, kanuni ya gari letu ilikuwa kwamba hatupiti mtu kwa kuambiwa na taa, tunapita kwa kuona. Taa zote nne zikiwaka kwa pamoja mbele yako, punguza mwendo mara moja, maana wanakuonya kuna msongamano.

Na sasa wasaidizi wa barabarani. Kusini mwa Saltillo, jangwani, mahali ambapo mbele na nyuma ni kaktasi ndefu na vumbi, kipimo cha joto la injini kilianza kupanda. Mpira wa rejeta ulikuwa umechanika karibu na klipu. Tulijisogeza pembeni, tukawasha taa, tukaweka pembetatu, tukapiga 078. Hiyo ndiyo namba ya Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani, magari ya kijani yanayozunguka barabara kuu mchana kusaidia wasafiri tangu mwaka 1960. Kihispania chetu ni cha kuombea maji na chumvi, lakini tulisoma namba ya kilomita kwenye kibao cha kando na hiyo ilitosha.

Tulisubiri kiasi cha watoto kumaliza biskuti zote. Akaja bwana mmoja mwenye sare, akatusalimia wote kwa mkono akianza na bibi, jambo lililomwongezea alama papo hapo. Alikata sehemu iliyochanika, akavuta mpira, akaufunga kwa klipu mpya, akajaza maji, akatusindikiza taratibu hadi gereji Matehuala. Ufundi wake ni bure, unalipia spea na mafuta tu kama vimetumika. Mama mkwe hakuamini. "Mwanangu, hawa malaika wanalipwa na nani?" Nikamwambia ni wizara ya utalii. Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayewaza nchi yake, "Utalii kweli."

Kwa kuwa tulikwama Matehuala, tulipanda siku iliyofuata hadi Real de Catorce, mji wa zamani wa machimbo ya fedha. Unaingia kupitia handaki la Ogarrio, zaidi ya kilomita mbili ndani ya mlima, njia moja tu, magari yakipishana kwa zamu. Watoto walipiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Barabara ya kupanda ni ya mawe na itakutikisa figo, lakini ikiwa una siku ya ziada, itumie hapo.

Yasiyo mazuri zaidi: wakulima au madereva wa malori wakiwa na madai yao, hufunga barabara kuu, na 57 ni mojawapo wanazozipenda. Weka maji na chakula cha saa kadhaa garini kila wakati. Vizuizi vya jeshi vipo pia. Kwetu walikuwa wastaarabu, waliuliza tunakotoka na tunakokwenda, wakachungulia buti, wakatuachia. Shusha kioo, vua miwani ya jua, mwambie mtoto aweke simu chini. Asiwapige picha.

Wanaotaka kuendelea hadi Mexico City wajue jiji lile lina siku na saa ambazo gari la namba za kigeni haliruhusiwi kutembea, na kuna kibali cha watalii unachoomba mtandaoni. Kama mnalipita tu kwenda Puebla, chukueni Arco Norte, barabara ya kulipia inayolizunguka jiji kwa kaskazini. Sisi tuliishia Querétaro na hatukujuta.

Mkirudi, msivuke kabla ya kusimama tena Banjercito ili wakifute kibali. Kile kibandiko cha kiooni msikibandue wenyewe, waacheni maofisa. Asiyefuta anapoteza amana, na safari ijayo hapewi kibali kingine mpaka cha kwanza kisawazishwe. Sisi tulilipa kwa kadi, na dola 400 zikarudi kwenye kadi ile ile. Kisha tukaingia foleni ya upande wa Marekani, na hiyo ndefu kweli kweli, CAPUFE hawahusiki nayo.