Matairi ya pikapu niliyouziwa Kariakoo: tarehe imegeuziwa ndani

Nianze kwa kukiri kwamba bei ya duka lile ni nzuri, asije mtu akaniambia nina chuki binafsi. Chuki ninayo, tena ya kutosha, ila bei ni nzuri.

Pikapu yangu inabeba nyanya kutoka Ilula kwenda soko la Ilala. Mwaka jana, msimu ulipochanganya, matairi yote manne yalikuwa kipara, nikaenda na dereva wangu kwenye duka moja kubwa Kariakoo, upande wa Gerezani. Jina silitaji, maana sitaki kuitwaitwa na watu.

Kijana wa kaunta alimsalimia dereva. "Niambie kaka, tunafunga ngapi?" Mwenye hela nimesimama pale pale na pochi mkononi. Dereva akamwambia bosi ni huyu mama. Akanigeukia: "Mama, kaa pale kwenye benchi upigwe na feni, haya ya matairi tuachie wanaume."

Sikukaa.

Akaleta kwanza tairi la saizi 205/70R15 lisilo na C. Kwa asiyejua: linaingia kwenye rimu bila shida na bei iko chini kidogo, lakini hilo ni tairi la gari dogo. La kubebea mzigo linaandikwa C mwishoni, na namba ya uzito inayofuata huwa 106 wakati lile lilikuwa na 96. Yaani kilo 950 kwa tairi moja dhidi ya kilo 710. Kwa matairi mawili ya nyuma peke yake umeshapoteza karibu nusu tani, na umepakia matenga ya nyanya unashuka mlima Kitonga. Nilipomwonyesha akacheka mpaka akamwita mwenzake. "Huyu mama kasomea matairi!" Nikamwambia ndiyo, chuo chenyewe kinaitwa Kitonga.

Basi akaleta yenye C, ya jina la Kichina ambalo sikuwahi kulisikia. Nikauliza tarehe. Akavuta tairi, akapitisha kiganja kwenye vile vinywele vya mpira: "Mpya kabisa hii, si unaona ndevu zake hazijanyolewa?" Ndevu! Tairi linaweza kulala stoo miaka na ndevu zake zote, halafu likapakwa dawa ya kung'arisha likawaka. Umri wa tairi unausoma kwenye tarakimu nne za mwisho pale palipoandikwa DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nikasema nionyeshe. Akanionyesha mawili, tarehe safi, ya miezi michache tu. "Mengine ni mzigo huohuo, mama, utaniulizia kila tairi kama unaposa?"

Hayo mawili yakafungwa mbele. Mengine mawili yalifungwa nyuma wakati nimeitwa dirishani kulipa. Sasa sikieni ujanja wao: ile tarehe mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu wa tairi. Ukilifunga upande huo umeangalia ndani ya gari, hakuna wa kuisoma mpaka alale chini ya gari na tochi. Na ndivyo walivyofunga. Mbele tarehe nje, nyuma tarehe ndani. Mtaniambia imetokea tu? Labda. Fundi wa kufunga alikuwa na foleni ya magari, na kwa kawaida fundi hajali. Mwanzoni nilijiambia hivyo hivyo.

Lilipasuka la nyuma kushoto tukiwa katikati ya Hifadhi ya Mikumi, jua la saa saba. Halikutoa mlio mkubwa. Kashata zote za juu, yaani yale meno ya tairi, zilibanduka kwa ukanda mmoja mrefu, ukawa unachapa madigadi mpaka tukasimama. Gari lina mzigo, jeki inazama kwenye udongo wa pembeni, ikabidi tushushe matenga. Nyani wa Mikumi mnawajua. Hawakuja mbio, walikuja wamekaa kitako hatua kwa hatua, na mkubwa wao akafumua tenga langu akaanza kuchagua nyanya. Kuchagua! Mbichi anatupa. Mimi nimeshika spana natishia nyani, dereva yuko chini anafungua nati, malori yanatupita yanapiga honi.

Alipolitoa lile tairi akaniita. "Mama, hebu njoo usome." Kwa ndani limejaa mipasuko midogo mashinani mwa kashata, na tarakimu zenyewe: 3517. Wiki ya 35, mwaka 2017. Mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la kwanza na tairi nililouziwa kama jipya limemzidi umri.

Nikapiga simu dukani palepale. Yuleyule kijana. Kwanza eti tumezidisha mzigo. Halafu upepo ulikuwa mdogo (tulipima Ilula). Halafu eti halijafika miaka kumi. Na hapo, inaniuma kusema, ana pa kushikia: hata Michelin, watengenezaji wa matairi, wanasema tairi lisizidi miaka 10 tangu litengenezwe, na likishatumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Lakini huo ni ukomo, ndugu yangu, siyo ruhusa ya kuniuzia mpira uliokaukia stoo kwa bei ya mpya! Akamalizia: "Soma karatasi yako, mama." Karatasi yenyewe ya kuandika kwa mkono, maana siku ile mashine ya risiti, ile EFD, "ilikuwa mbovu", na chini ina muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ilala tulifika soko limeshapoa.

Msije mkadhani nalaani tairi la Kichina. Nilipobadilisha ya nyuma nilikwenda duka jingine nikachukua jina lilelile, nimesoma tarehe moja baada ya nyingine kabla hayajagusa rimu, na yanapanda na kushuka Kitonga hadi leo bila neno. Hata yale mawili ya mbele ya wale wezi bado yapo na kashata zake zimeisha kwa usawa. Wezi nimesema kwa hasira. Tuseme wajanja. Kama unaweza kusimama juu ya kichwa cha fundi mpaka nati ya mwisho, kwa bei ile pengine uende.

Au usiende. Nikimkumbuka yule kijana na benchi lake, nasema usiende. Na ukienda, mama mwenzangu, usikubali kuitwa dirishani: mtume dereva akalipe, wewe baki na matairi.