Shamba darasa la Gede: siku tatu za kujifunza kupanda mseto chini ya minazi

Mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika kuanza, nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya kilimo cha mseto katika shamba darasa lililo upande wa Gede, kusini mwa Malindi. Ada ilikuwa shilingi 2,000 pamoja na chakula cha mchana, na tuliahidiwa kwamba kila mmoja wetu angetembelewa shambani kwake mara mbili. Nimengoja hadi nivune ndipo niandike, maana thamani ya mafunzo ya kilimo huonekana ghalani.

Sisi watu wa pwani si wageni wa kupanda mseto. Nimekulia katika shamba lenye mahindi, kunde na mihogo pamoja, minazi na mikanju ikiwa juu yake. Nilikwenda Gede kwa sababu ekari zangu mbili zilijaa kila aina ya mmea, na bado sikupata mahindi wala kunde za kutosha. Nilichofundishwa ni kwamba nilikuwa nikichanganya mimea bila kujali ni upi unaomkinga mwenziwe jua na ni upi unaokomaa mapema.

Somo lililonifaa zaidi lilihusu minazi yenyewe. Mwalimu wetu, mzee aliyelima tangu utoto wake, alitupitisha chini ya minazi ya rika tatu na kututaka tutazame kivuli chini kabla hajasema neno. Mnazi mchanga, hadi miaka saba hivi, huacha nafasi kubwa ya jua. Baada ya hapo makuti hutanda na kukutana, na kwa miaka mingi mahindi yaliyo chini yake hudhoofika hata mvua ikiwa nzuri. Mnazi ukishapita miaka 25 huwa umerefuka, jua likapenya upya, na mazao ya chini yakarudi kustawi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipanda mahindi chini ya minazi ya rika la kati na kuulaumu mchanga. Sehemu hiyo sasa nimepanda majimbi na majani ya ng'ombe. Tuliambiwa pia tuache mita mbili kuzunguka kila shina, kwa kuwa mizizi mingi ya mnazi inayotafuta chakula iko hapo.

Siku ya pili aling'oa mkunde mmoja, akapasua kwa ukucha vinundu vilivyo kwenye mizizi na kutuonyesha ndani: vyekundu kama damu. Rangi hiyo, alieleza, ni dalili kwamba bakteria waishio humo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Nilishukuru kwamba hakutudanganya. Wengi husema kunde hulisha mahindi yaliyo kando yake, lakini yeye alisisitiza kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo mkunde huitumia wenyewe, na kwamba faida hufika katika udongo pale majani na mizizi yake inapoozea shambani. Nilipouliza kama ning'oe mikunde baada ya kuvuna, alinijibu, "Usiing'oe, mama. Kata juu ya ardhi, mizizi iache ilale humo humo." Alituonya vilevile kwamba anayechuma sana majani kwa ajili ya mboga asitarajie punje nyingi.

Kuhusu mpangilio, alipendelea mistari miwili ya mahindi ikifuatiwa na miwili ya kunde, utaratibu uliojaribiwa magharibi mwa Kenya, ili jua liyafikie mazao ya chini. Mihogo ilipandwa kwa nafasi ya mita moja, pojo (choroko) katikati, kwa kuwa pojo huvunwa miezi miwili hadi mitatu baadaye, kabla mihogo haijafunga kivuli. Nimefanya hivyo na kibandameno, aina ya mihogo ya huku pwani, na palizi ya pili haikuhitajika kwa jinsi pojo zilivyofunika ardhi.

Kasoro zipo, na ninazisema kwa sababu natamani shamba hili lidumu. Mbegu za kunde tulizouziwa mwishoni mwa mafunzo tuliambiwa ni za aina inayosimama. Zilitambaa, zikapanda juu ya mahindi na kuyaangusha katika mistari kadhaa. Kati ya ziara mbili tulizoahidiwa nilipata moja, nayo ilikuja mahindi yakiwa yameshatoa mbelewele, wakati ambapo ushauri ulikuwa umechelewa. Tena, katika siku zote tatu hakuna aliyezungumzia nyani, ilhali wengi wetu tunalima ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke na tunajua wanavyoyapenda mahindi mabichi. Mpangilio wa shamba haukamiliki ikiwa hausemi ni zao gani liwe upande wa msitu.

Mavuno yangu ya mahindi yalikaribia kuwa sawa na ya msimu uliotangulia, lakini safari hii nilipata debe nne za kunde na mbili za pojo juu yake, na mihogo ingali ardhini. Kwa mwenye shamba la minazi kati ya Watamu na Malindi, ada ya shilingi 2,000 si ghali hata kidogo, hasa kwa somo la kivuli. Mbegu anunue kwingine, kwa muuzaji anayeuza pakiti zenye jina la aina, na tarehe ya ziara ya kwanza aiombe kwa maandishi, iwe ndani ya wiki tatu baada ya kupanda.