Dawa ya miguu ya mama: duka moja la dawa Ngamiani
Mama yangu, ambaye kisukari kimemwachia miguu inayowaka moto usiku, aliandikiwa pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, ya miligramu 75 mara mbili kwa siku, nami nikaifuata katika duka moja la dawa hapa Ngamiani, Tanga. Mfamasia aliuliza kwanza kuhusu figo, kwa kuwa dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo na mwenye figo dhaifu hupewa dozi ndogo zaidi. Kisha akauliza kama mama anatumia tramadoli, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa sababu zikikutana, kama ilivyo kwa pombe, huweza kuleta usingizi mzito na kudhoofisha pumzi. Alisisitiza kwamba isiachwe ghafla hata maumivu yakipoa, bali ipunguzwe taratibu kwa maelekezo ya daktari, hasa kwa wenye kifafa, ambao degedege huweza kuwarudia. Hapo nilimvulia kofia.

Kasoro si ndogo: kapsuli zilitiwa katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1 x 2" tu, bila jina la dawa. Wala sikuonywa kuhusu kizunguzungu, na asubuhi ya pili mama alitembea akishika ukuta hadi uani. Nitarudi, ila nitadai boksi lenye karatasi yake ya maelezo.