The Night Manager (2016): riwaya imeachwa njiani, na ni heri

Sehemu sita, kila moja karibu saa nzima, na zinatosha. Kwa anayeuliza kama tamthilia hii inamfaa mtu aliyekwisha kuisoma riwaya ya John le Carré, jibu langu ni ndiyo.

Riwaya ilitoka mwaka 1993. Inaanza Zurich, Januari 1991, enzi za Vita vya Ghuba, kisha inahamia Bahama na Panama, ambako Richard Roper anabadilishana silaha na kokeni ya Kolombia. David Farr, mwandishi wa skripti, ameng'oa yote hayo. Kwake mambo yanaanzia Cairo, Januari 2011, Wamisri wako barabarani wanamtaka Mubarak aondoke, na silaha zinauzwa Mashariki ya Kati. Jonathan Pine, meneja wa zamu ya usiku hotelini, anaombwa na mgeni mmoja, Sophie, amnakilie nyaraka za silaha za Roper. Siri inavuja, na Sophie anauawa.

Badiliko lililonikosha zaidi ni Burr, kachero anayemtuma Pine ajipenyeze kwa Roper. Kitabuni ni mwanamume, Leonard. Hapa ni Angela, na Olivia Colman alikuwa mjamzito kweli wakati wa kurekodi, basi mimba ikaingizwa kwenye hadithi. Kachero mwenye tumbo kubwa na kiofisi kisicho na fedha, akibishana na wakubwa wa MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza: mivutano ile ya London ambayo kitabuni inachosha, hapa inapata uhai.

Kwetu Tanga, mji wa bandari, utamu uko kwenye makaratasi. Pine anapewa na Roper jina jipya, Andrew Birch, anawekwa mkurugenzi wa kampuni ya Tradepass, na biashara inayotajwa ni ya zana za kilimo. Jina la Roper halionekani. Likibumburuka, atakayekamatwa ni aliyetia saini. Wakala wa forodha yeyote wa hapa ataelewa mtego huo kabla Pine hajashika kalamu. Ila safari yenyewe ya mzigo inapitiwa mbiombio. Ningependa kuona zaidi nani anagonga mihuri na kwa nini.

Kasoro kubwa iko sehemu ya pili. Kitabuni, Pine anajitengenezea sifa ya uhalifu taratibu, Cornwall kisha Quebec. Hapa yamebanwa yote Devon, na ndiyo maana imani ya Roper kwake inaonekana imekuja mapema mno. Anayeokoa jahazi ni Corcoran (Tom Hollander), msaidizi mkuu wa Roper, maana yeye hamwamini Pine hata chembe, na shaka yake inatufanya nasi tuwe na wasiwasi. Mwisho nao ni nadhifu kuliko wa riwaya, ambao ni mchungu. Msimu wa pili hautokani na riwaya, nauacha.

Aliyezoea Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, apunguze matarajio: risasi ni chache, maongezi ya mezani ni mengi.

Usiitafute iliyotafsiriwa ya kibanda umiza. Hugh Laurie, anayeigiza Roper, anatisha kwa upole wa sauti, na sauti ya mtafsiri ikipanda juu yake, Roper anabaki tajiri mchangamfu tu. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini na uvae spika za masikioni, kwa sababu feni ikizunguka maneno ya chinichini yanapotea. Picha za usiku za Cairo ni za giza. Kwenye simu mchana hutaona kitu. Kuhusu bando, kwa ubora wa kawaida weka GB 1 kwa saa, yaani kama 6 kwa msimu mzima. Ubora wa juu unaweza kufika 18. Pakua usiku, bando likiwa nafuu.

Kama hujagusa kitabu, anza na tamthilia. Sura za mwanzo za riwaya zinarukaruka kati ya Zurich na Cairo, na asiyejua Sophie ni nani hupotea hapo, akaiweka chini kabla Roper hajaanza kuonyesha makucha.