Château Gaillard: tulilipia kisa cha choo

Bado nina hasira, mniwie radhi. Juzijuzi dada yangu anayeishi Paris alitukatia tiketi za safari ya siku moja hadi Les Andelys, Normandy, kuona ngome ya Château Gaillard. Basi lilichelewa sana, hilo nimesamehe.

Lililonishinda ni mwongoza watalii. Ana maneno huyo kijana, ila kisa chake ni kimoja: jinsi askari wa Mfalme Philip II wa Ufaransa walivyopenya ngomeni mwaka 1204 kwa kukwea tundu la choo. Alikisimulia mara mbili, huku akiziba pua. Wapo wanaosema walipitia dirisha la kanisa, lakini kanisa halichekeshi watu.

Nikauliza, na wanakijiji je? Maana nilisoma kabla ya kwenda. Kijiji cha chini ya ngome kilipotekwa na Wafaransa, walikimbilia ngomeni. Kamanda Roger de Lacy, aliyeilinda ngome upande wa Waingereza, akaona wanammalizia chakula, akawatoa. Wa kwanza Wafaransa waliwapisha. Wa mwisho, mamia ya watu, walirudishwa kwa mishale, na walipogeuka wakakuta lango limefungwa. Wakakaa katikati ya ngome na jeshi la Wafaransa baridi yote, wanakula majani na mbwa, kwenye mteremko uleule tuliokuwa tunapigia picha.

Akanijibu, jicho kwenye saa, kwamba watu wako likizo, hawataki huzuni. Dada akanifinya mkono ninyamaze. Nikanyamaza, lakini siku yangu ilishaharibika. Usiende!

Au nenda, lakini peke yako, kwa sababu haki ya Mungu ngome yenyewe haina kosa. Ukuta wa ndani una vifua vya mviringo vilivyobanana kama vitumbua kwenye chuma. Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza, aliijenga kati ya 1196 na 1198, tena kwenye ardhi ya Askofu Mkuu wa Rouen bila ruhusa. Askofu akasimamisha ibada Normandy nzima, mpaka akafidiwa kwa mali nyingine, mji wa Dieppe ukiwemo. Mimi ninayefuatilia kiwanja changu mwaka wa ngapi sijui, nilicheka peke yangu. Na Richard mwenyewe hakuifaidi: 1199 akafa kwa mshale.

Nilimwapia dada kwamba sirudi. Nitarudi. Treni mpaka Gaillon, halafu teksi, nikakae pale mteremkoni mpaka nichoke. Yule kijana abaki na choo chake.