Under the Udala Trees au The Death of Vivek Oji: uanze na ipi?

Riwaya zote mbili zinatupeleka Nigeria, kwa watu wanaopenda au kuishi tofauti na matarajio ya jamaa zao. Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta (2015) inasimuliwa na mhusika mkuu, Ijeoma, mwenyewe, tangu Vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, kwa mtiririko usiomchosha msomaji. Masomo ya Biblia anayolazimishwa na mama yake, baada ya kufumaniwa akiwa na Amina, msichana anayempenda, yalinikaba koo. The Death of Vivek Oji ya Akwaeke Emezi (2020) inadai subira zaidi, kwa kuwa wasimulizi wanapokezana, marehemu Vivek akiwemo, lakini yule mama anayeukuta mwili wa mtoto wake mlangoni, umefungwa kitambaa, amenikaa moyoni kuliko mhusika mwingine yeyote. Anayetafuta matumaini aanze na Okparanta; aliyefiwa hivi karibuni asiharakishe kuifungua ya Emezi.