Kozi ya wadudu wa mtoni: nyota moja, labda mbili

Nianze na jibu la mwalimu, maana ndilo lililonichefua. Swali lilikuwa la kawaida kwa yeyote anayejifunza kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia: meiflai, wadudu wenye mabawa wanaokulia mtoni, wametanda juu ya mto, samaki wanapasua maji, jedwali la kozi linasema tumia nzi wa bandia anayeelea, wa ndoana namba 16, na hakuna samaki anayemgusa. Kwa nini? Baada ya siku kadhaa ukaja mstari mmoja: "Fuata jedwali. Kama huwezi, huenda mchezo huu si wako."

Kumbe jibu lenyewe ni fupi. Tunutu wa meiflai, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa bado, akiiva hupanda kutoka chini, akifika juu hukwama kwa muda kwenye utando wa maji akijivua gamba. Hapo hawezi kuogelea wala kuruka. Samaki ana haja gani ya kumkimbiza mwenye mabawa? Na ukitazama vizuri utajua anakula nini. Mgongo na pezi vikijitokeza bila mdomo, analamba walio chini kidogo ya utando. Pua ikitoka na kiputo kikabaki kinaelea, anakula wa juu, kwa sababu amemeza hewa pamoja na mdudu. Kwa hali ya kwanza unapaka dawa ya kuelea sehemu ya mbele ya nzi tu, mkia na tumbo viachwe vilowe na kuning'inia. Kozi nzima haina hata neno moja juu ya hatua hiyo ya kukwama kwenye utando. Tena wameandika kwamba "mayai huanguliwa juu ya maji"! Mayai yalishaanguliwa zamani, huko chini kwenye mawe. Kinachotokea juu ni kujivua gamba.

Sasa hilo jedwali. Miezi na saa, basi. Baetis, aina ya meiflai: Aprili, saa nane mchana. Aprili ya wapi? Kaskazini mwa dunia maua yanachipua, kusini majani yanapukutika. Wadudu hawa hufuata joto la maji na mwanga. Baetis hupenda maji ya nyuzi 7 hadi 13 hivi za selsiasi, na siku ya mawingu na manyunyu hutoka wengi kuliko siku ya jua kali. Kipimajoto kidogo kingefaa kuliko kurasa zote mbili za rangi: kizamishe kivulini, maji yanapotembea, kiache dakika mbili ndipo usome. Kikionyesha zaidi ya 20, kunja mshipi urudi nyumbani. Maji ya joto yana oksijeni kidogo na trauti aliyechoka hufa hata ukimwachia.

Kosa jingine, juu ya stonflai, mdudu mwingine wa mtoni: "mikia miwili ni stonflai, mitatu ni meiflai." Uongo mtamu huo. Wako meiflai wa mikia miwili, Epeorus kwa mfano. Angalia matamvua ya kupumulia: ya tunutu wa meiflai yako ubavuni mwa tumbo, yanapepea. Kisha angalia mguu: meiflai ana kucha moja kila mguu, stonflai mbili. Na stonflai hutambaa hadi kwenye jiwe au ukingo ndipo ajivue, kwa hiyo kumsubiri katikati ya mto ni kujichosha. Kadisi, kundi jingine la wadudu wa mtoni, wamepewa aya moja; tusiseme.

Lakini haki yao niwape. Somo la tatu, la kukusanya wadudu, ni zuri kweli, mpaka najiuliza kama liliandikwa na mtu mwingine. Shika wavu wenye vijiti viwili, mdomo ukielekea maji yanakotoka, mwenzako asimame hatua moja mbele yako, upande huo huo wa maji yanakotoka, asugue mawe kwa mguu dakika moja. Mimina kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo. Kwenye beseni jeusi huoni kitu. Tafuta tunutu mwenye vifuko vya mabawa vilivyogeuka vyeusi: huyo yuko karibu kutoka. Mpime mwili bila mikia, umlinganishe na ndoana, ukikumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Namba ya ndoana, tuseme 18, gawanya kwa tatu, unapata kipimo cha unene wa uzi wa mwisho unaofungwa kwenye nzi, 6X. Ukimaliza, rudisha wadudu majini na mawe kama yalivyokuwa.

Kwa somo hilo nilikuwa nimeweka nyota tatu. Kisha nikalisoma tena lile "mchezo huu si wako" nikazishusha hadi moja. Nadhani mbili ingekuwa haki, sina uhakika. Karatasi ya jedwali, angalau, hailowi, na upande wa nyuma ni mweupe: unaandikika kwa penseli joto la maji na rangi ya vifuko.